Kungoja Si Huduma

Ujumbe wa bima uliingia Jumanne,
ukianza na "Mteja wetu mpendwa",
nami nikajua hapo hapo kuna kitu nanyang'anywa.

Kuanzia tarehe mosi, tiba ya tabia nyumbani
italipwa kwa robo saa,
na robo saa haihesabiwi kama haikufikisha
dakika nane za mtaalamu na mtoto uso kwa uso.
Safari haimo. Mazungumzo na mzazi hayamo.
Kungoja, wameandika kwa herufi nzito, si huduma.

Mimi nina duka hapa Nyalenda, upande wa chini,
ambako maji ya mvua huingia bila hodi.
Nina daftari la madeni, kurasa mia na ishirini.
Hesabu naijua. Namjua anayekopa unga kwa kilo
na anayekopa kwa kikombe.
Sijamwona bado mtu wa kutazama kikombe kilichopungua kidole kimoja
akasema: hiki ni kitupu, sikilipii.

Njoo basi nikuhesabie.

Khakasa hufika saa tatu, siku za matope viatu mkononi.
Ogweno akisikia mlango wa bati, huyo, chini ya meza.
Khakasa hagusi kiti. Huketi sakafuni, mgongo ukutani,
hutoa vifuniko vya soda mfukoni, akavipanga:
chekundu, kijani, chekundu,
halafu chekundu tena, kwa makusudi.
Hamwiti. Hamtazami.
Dakika ya tatu, kidole.
Dakika ya tano, goti.
Dakika ya saba mkono wa mwanangu unatoka wote
kuweka kijani mahali pa kijani.

Mwaka jana zilikuwa dakika arobaini.

Na hizo saba ndizo walizofuta.
Uso kwa uso! Mtoto ambaye uso wa mtu
humchoma kama bati la saa saba mchana.

Nilipiga simu. Msichana mpole, sauti ya asali:
"Mama, mfumo haukubali."
Nikamuuliza, huyo mfumo ana meza kwake?
Akacheka kidogo, kisha akakumbuka
kwamba simu zinarekodiwa.

Wiki iliyofuata Khakasa alikuja na saa inayohesabu,
akailaza sakafuni kando ya vifuniko.
Akaita, kwa sauti ambayo si yake, "Ogweno, njoo."
Mwanangu akajiuma kifundo cha mkono.
Khakasa akaizima saa, akaifunika kwa leso.
Siku hiyo hakudai kitu. Aliniambia mlangoni,
akijifanya anatafuta soksi:
nyumba zake zilikuwa kumi na moja, zimebaki nne.
Kuna kliniki Milimani, alisema, mnaweza kwenda.

Tulikwenda. Ukutani wamechora twiga.
Maji yao yanatiririka vizuri, bila makeke.
Lakini bomba analoliogopa Ogweno liko hapa,
letu hili, linalokohoa mara mbili kabla ya kutema.
Atazoeaje kikohozi kisichokuwepo?

Alipokuja kuaga aliacha vifuniko ndani ya mkebe wa Kimbo.
Nikamuuliza, nikuandikie shilingi ngapi?
Akatikisa kichwa.
Usiku niligeuza daftari, nikaanza kwa nyuma,
ukurasa wa mwisho, juu kabisa: *Khakasa.*
Upande wa kiasi nimeacha wazi. Mdaiwa ni mimi.

Leo Jumamosi. Saa tatu na dakika kumi na moja.
Nimeketi sakafuni, goti la kushoto linanilaumu.
Nimepanga chekundu, kijani, chekundu, chekundu.
Mtu anagonga dirisha la duka kwa sarafu, anataka chumvi,
anagonga tena, ananiita kwa jina la mwanangu,
Mama Ogweno, uko?

Sijibu.
Chini ya meza, kidole.